Tiara ya Buku na Mdomo wa Mkaguzi

Enzi hizo hata asiye na mabawa aliruka, mradi ana tiara. Buku, panya mkubwa asiyeacha kitu bila kukichungulia, alikuwa na tiara ya mianzi aliyorithi kwa bibi yake. Siku moja ikakatika vipande angani, naye akaangukia kichakani na kuvunjika mkia.

Wanyama wakamkamata Mnana, ndege aliyeiunda. "Wewe ndiye fundi, wewe ndiye utakayefukuzwa msituni!"

"Jamani, niliiunda kabla hamjazaliwa," Mnana akalia. "Nitaijibia mpaka lini?"

Kigong'ota, ndege mkaguzi wa tiara, akajitokeza kifua mbele. "Mimi simo. Sheria inasema tiara mpya ikaguliwe mara moja kwa mwaka, na kuukuu kila wiki. Hiyo ya Buku ni kuukuu, na sikuiruka hata wiki moja."

Buku akajikokota mpaka penye mabaki, akachungulia. Mwanzi mzima ulikuwa na matundu, kama filimbi.

"Bwana mkaguzi, huwa unakagua vipi?"

"Naugonga mwanzi kwa mdomo, nione kama bado ni mgumu."

"Hebu tia mdomo wako hapa."

Kigong'ota akatia. Mdomo ukaenea tunduni sawasawa, mpaka machoni. Waliomshika Mnana wakamwachia taratibu.

"Ajabu kweli," akasema Kigong'ota, mdomo ukiwa bado umenasa. "Na mimi kila wiki nilijiuliza, mbona mwanzi huu unazidi kudhoofika!"