Pembea ya Idi Pili

Pembea ya kuzunguka ilipokwama masanduku yao yakiwa juu kabisa, wanawake wote walipiga mayowe isipokuwa wawili. Mmoja ni Hafsa. Wa pili ni mama mmoja aliyevaa nikabu, peke yake kwenye sanduku la jirani, ameinamisha kichwa kama anayetafuta sindano.

"Tulieni!" fundi aliita kutoka chini. "Mkanda wa injini umekatika. Naufuata mwingine kwenye mashine ya mpunga."

Akapanda bodaboda, akaondoka. Hafsa akajua amekwisha.

Kosa lilikuwa lake mwenyewe. Viwanja vya sikukuu hapo Kibiti mwaka huu vililetewa majumba ya kurukia yaliyojazwa upepo na vigari vya umeme, lakini rafiki zake, Tabu na Muzdalifa, walitaka michezo ya zamani, ile waliyoipanda wakiwa wasichana: farasi wa mbao, bembea za minyororo, na hii pembea kuukuu ya masanduku, iliyobanduka rangi. Wakaja kumgongea dirishani. "Nusu saa tu, shoga." Na nusu saa, kwa mtu ambaye hajatoka nje tangu msiba, haikataliki.

Msiba wenyewe ulikuwa wa baba mkwe wake, Mzee Mfaume. Mjane, Bi Zabibu, alikuwa bado edani, na nguo zake nyeupe, hatoki wala hajipambi. Hafsa alipewa kazi ya kukaa naye. Aliyefiwa mmoja, eda wakaikaa wawili. Tena Bi Zabibu alishamwambia mwanawe Kondo, Hafsa akisikia: "Siku mkeo atakayoniacha peke yangu humu ndani, atarudi kwao Mohoro." Kondo akanyamaza. Hafsa alikuwa ameolewa na Kondo muda wa kutosha kujua maana ya kunyamaza kwake.

Leo watu wote wa nyumba walikwenda Ikwiriri kupeana mkono wa Idi. Hafsa alisubiri mpaka Bi Zabibu akaanza kukoroma, akatia buibui, akatoka kwa kunyata.

Sasa Kibiti yote ilikuwa chini yake: barabara ya Lindi, mikorosho, mabati. Akalitafuta bati la kwao, akaliona, moyo ukampiga paa. Kwenye mlango wa uani palikuwa na kitu cheupe kimesimama wima.

"Tabu, yule nani pale mlangoni?"

Tabu akakaza macho. "Mh! Cheupe, tena kirefu. Si mkweo huyo?"

"Kaamka. Ananisubiri."

Kile cheupe hakikusogea hata kidogo. Hafsa akashika chuma cha sanduku mpaka vidole vikamuuma. Chini palikuwa mbali, na fundi haonekani. Hofu ilipozidi ikageuka hasira, na hasira ya juu ya pembea haina adabu.

"Kwanza fundi anahangaika bure," akasema kwa sauti. "Mashine ya mpunga ipo kwetu, chumbani kwa mkwe. Ikianza kukoroma, paka wanahama nyumba!"

Rafiki zake wakacheka hadi sanduku likayumba. Hafsa hakucheka. "Mimi sijafiwa na mume, jamani," akasema, machozi yakamtoka. "Nafungiwa kwa kosa gani? Angejua yeye uchungu wa kukaa ndani unatamani kutoka, asingenifanyia hivi."

Yule mama wa nikabu akazidi kujiinamia. Mabega yakawa yanamtikisika.

"Umemliza na mwenzio," Muzdalifa akanong'ona. "Naye katoroka yule. Hataki kuonekana."

"Mungu amsitiri," Hafsa akasema, na aliomba kwa dhati.

Mkanda ulifika alasiri ikiadhiniwa. Sanduku la yule mama lilitangulia kufika chini. Akaruka kabla halijasimama sawasawa, akapotea kwenye umati na doa la grisi mgongoni.

Hafsa alingoja zamu yake, na aliposhuka, Tabu akawa hakioni kiatu chake kimoja. Akamwacha akikitafuta. Alipita njia ya nyuma, kwenye mikorosho, mbio, huku akisoma dua zote alizozijua na kutunga uongo: alikwenda kuomba chumvi. Akaona uongo ule hautoshi, akaendelea kukimbia.

Kwenye mlango wa uani hapakuwa na mtu. Palikuwa na msumari mtupu wa kutundikia nguo.

Akachungulia chumbani. Bi Zabibu alikuwa amelala chali, nguo zake nyeupe mwilini, anakoroma. Hafsa akashusha pumzi. Akavua viatu, akaketi mkekani taratibu, kama mtu ambaye hakuondoka hapo tangu asubuhi.

Mkoromo ukakatika.

"Mwanangu," Bi Zabibu akasema bila kufumbua macho, "hao paka wakihama, huwa wanahamia wapi?"

Hafsa akavisukuma viatu vyake chini ya mkeka.

"Kesho twende mapema, tukapande farasi," mama mkwe akasema, akageukia ukutani. "Pembea ile inatia grisi."