Mshenga Juu ya Mlingoti

"Alfonsi! We Alfonsi! Hunisikii?"

Revelian alichungulia chini kutoka karibu na ncha ya mlingoti, amekalia kibao chembamba kilichoning'inia kwa kamba moja. Kamba ilipita kwenye kapi juu ya kichwa chake, ikateremka mpaka kwa Alfonsi. Alichokiona huko chini kilikuwa mgongo wa mwenzake tu.

Mashua ilikuwa kuukuu, mali ya Hashil, mwenye duka Kinondoni, aliyeinunua kwa Mzungu mmoja aliyerudi kwao baada ya vita. Nyaya za kushikilia mlingoti zilikuwa zimeliwa na kutu, na mafundi hawa wawili walikuwa wakizibadilisha mmoja baada ya mwingine, hapo mchangani Msasani. Siku zote Revelian, mwepesi, ndiye aliyepanda. Alfonsi, mwenye mabavu, alimvuta juu, akaifunga kamba kwenye chuma cha sitahani, kisha akaanza porojo zake. Leo alikuwa amesema neno moja tu: "Panda."

Revelian alijua kwa nini. Alfonsi ndiye aliyemtuma kwa kina Jovina akamposee. Mara ya kwanza mshenga alipeleka salamu za rafiki yake. Mara ya pili akapeleka zake mwenyewe. Jana kanisani, padri alipotangaza ndoa zinazokuja, jina lililosomwa pamoja na la Jovina lilikuwa la mshenga. Aibu ilikuwa imemkaba asiseme mapema. Sasa uhai wake ulikuwa mikononi mwa rafiki ambaye yeye mwenyewe alimzunguka.

Waya mpya ulishakaa. Alikuwa akikaza bolti ya mwisho aliposikia kitu kikivunjika chini kwa kishindo. Kibao kikaporomoka kama kimo cha mtu, kikasimama ghafla. Spana nusura imponyoke.

"Unanifanyia nini? Kama una neno, sema!"

Alfonsi hakugeuka. Alikuwa ameketi, miguu ameikita kwenye ubao wa pembeni, ameinama kama mtu aliyenuna. Kibao kikashuka tena kwa kushtukiza, kikasimama. Ananichezea, Revelian aliwaza, anataka nife huku najua. Akaogopa mpaka akakasirika.

"Jovina mwenyewe ndiye aliyenitaka mimi! Nijibu, mshenzi we!"

Akaivurumisha spana kwa nguvu zake zote. Ilimpata Alfonsi begani, na hata kule juu mlio wa chuma kwenye mfupa ulisikika. Mgongo ule ukatetemeka. Kichwa hakikuinuka.

Kibao kikazidi kushuka, kidogo kidogo, kikikwama na kuachia, na kila kilipoachia Revelian alifumba macho na kumtaja Mama Maria. Hatimaye miguu yake ikagusa sitaha. Aliruka kutoka kwenye kibao, ngumi ameikunja, akamshika Alfonsi bega na kumgeuza.

Chuma cha kufungia kamba kilikuwa kimelala kando, kimeng'oka na pande zima la ubao uliooza. Kamba ilikuwa imemzunguka Alfonsi kiunoni na kumchana viganja vyote viwili, na ncha yake alikuwa bado ameiuma kwa meno.