Neno la Kuwasha Injini

Nilikuwa nakanda unga wa chapati, kengele ya jikoni ikalia, na sauti ya dada Salha ikatoka ndani yake. Ndege yake haiwaki mpaka mimi, ndugu yake, niseme "Ruka". Ndiyo sheria ya marubani wa mkataba wanaomwagia sumu mashamba ya koka, mmea wa kokeini, huko ng'ambo.

Naipenda kazi hii! Nikilisema neno hilo tu, injini hunguruma humu jikoni mpaka sufuria zinacheza, nami nacheza nazo.

"Sema basi, mwoga wewe!" Salha alicheka. "Leo wenye mashamba wanatungoja na bunduki."

Moyo ulinidunda kwa raha. Kisha nikakumbuka bawa la ndege yake lililotobolewa kwa risasi jana, baada ya mimi kumruhusu.

"Siruhusu, dada. Rudi nyumbani."

Sufuria hazikucheza.

"Asante," alinong'ona. "Mwoga ni mimi, mdogo wangu."