Mabeseni Manne ya Vitunguu

Bi Harusi aling'oa jani la mwisho katika beseni la nne, akajipangusa jasho kwa mgongo wa mkono na kutabasamu peke yake. Udongo ulibaki mweusi, safi, kama kichwa kilichonyolewa. Mbegu za vitunguu za mama mkwe wake sasa zingepata nafasi ya kuota.

Walimwita Bi Harusi kwa kuwa ndoa yake ilikuwa na miezi miwili tu. Alikulia ghorofa ya tano, na udongo alioujua ni ule wa kufagia. Siku tatu nyuma, mama mkwe alipokuwa akifunga begi kwenda kumuuguza dada yake, alimkabidhi yale mabeseni mabovu yaliyopangwa uani.

"Nimepanda vitunguu humo. Mwagilia kwa maji ya kuoshea vyombo, yasiyo na sabuni. Toa magugu. Usimsumbue jirani, ana kazi zake." Akamshika bega. "Na vikikushinda, si neno, mwanangu. Wewe bado mgeni wa udongo. Wenzangu nitawaambia hivyo hivyo."

Wenzake ni wanawake kumi wa kikundi chake. Alikuwa amewaahidi kwamba baada ya wiki tatu waje uani kwake, awafundishe kupata mboga bila kutoboa mfuko.

Gari la taka lilikwisha kuyachukua majani yale wakati fundi cherehani wa nyumba ya pili alipochungulia juu ya ukuta.

"Shoga, mbona mabeseni yamekuwa kipara? Umeng'oa nini?"

"Nyasi."

"Nyembamba? Zimesimama kama nyuzi?"

"Ndiyo. Zilijaa tele."

Fundi alijishika mdomo. "Maskini wee! Kitunguu kikiota ndivyo kilivyo! Hata mbuzi angeuliza kwanza!"

Alicheka mpaka akashikilia ukuta, kisha akaona uso wa mwenzake, akaacha.

Usiku ule Bi Harusi alimdokezea mumewe. Akazunguka mbuyu, akauliza tu kama Mama anaweza kusahau alichopanda.

"Mama?" mume alicheka. "Mama anaijua bustani yake jani kwa jani. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Kesho yake alichukua fedha aliyojiwekea ya viatu, akaenda kwenye kitalu kilicho nyuma ya gereji. Mwenye kitalu alimfungia miche ya vitunguu kwenye gazeti lililoloweshwa, akamwonyesha namna ya kutoboa tundu kwa kidole na kukandamiza udongo bila kuvunja mzizi. Alipanda akiwa amepiga magoti, mche mmoja mmoja, huku akiiomba radhi kama watu.

Ikashika. Maganda ya viazi aliyazika pembeni, maji ya kuoshea mchele aliyabeba kwa uangalifu kama dawa. Kila asubuhi alikuta imesimama zaidi, nayo dhamiri yake ikizidi kumsuta. Kila aliposifiwa na mumewe, alibadilisha mazungumzo.

Mama mkwe alipiga simu kila Ijumaa.

"Vimekufa?" Ndivyo alivyoanza, hata salamu hazijaisha.

"Hapana, Mama. Vimesimama."

"Vyote?"

"Vyote, Mama."

"Unasema kweli, mwanangu?"

Simu ilikuwa nzito kama tofali. Amejua, Bi Harusi aliwaza. Mama hadanganyiki.

Alirudi Jumamosi adhuhuri, siku ileile ya wageni. Hakupitia ndani. Aliweka begi mlangoni, akaenda moja kwa moja uani, akasimama mbele ya mabeseni. Majani ya kijani yalikuwa marefu kuliko kiganja chake. Aliyagusa kwa ncha ya kidole, akarudisha mkono kama aliyeguswa na moto.

"Dada yako anaendeleaje, Mama?"

"Nani? Ah. Hajambo."

Nje, sauti za wanawake zilianza kusikika, wakitaniana njiani. Mmoja alipaza sauti: "Mwalimu wetu, tumekuja! Tumeleta na madaftari!"

Bi Harusi aliwaza wale wanawake wakiandika kila neno, na mama mkwe wake akisimama mbele yao kufundisha juu ya uongo asioujua. Akinyamaza, angemfanya mama yule mnyoofu kuwa mwongo bila hatia. Akisema, mapenzi ya nyumba hii yangekwisha kabla hayajaanza. Alijikuta amepiga magoti pale pale kwenye udongo.

"Mama, nisamehe. Hivi si vyako. Vyako niliving'oa vyote, siku ya tatu tu ulipoondoka, nikidhani ni nyasi. Nikanunua miche kitaluni nikapanda. Nimekudanganya kila Ijumaa. Waambie wenzako ukweli, nichekwe mimi. Nastahili."

Wageni walikuwa wakigonga lango. Bi Harusi aliinua macho akitarajia hasira, akaona mama mtu mzima anajiziba uso kwa mtandio. Kisha naye akashuka taratibu, magoti yake yakagusa udongo.

"Inuka, mwanangu, usinimalize," alinong'ona. "Zilikuwa nyasi. Mbegu zangu nimezipanda mara tatu, haijaota hata moja, na kwa dada yangu hakukuwa na mgonjwa: nilikuachia mabeseni wewe usiyejua, ili wenzangu wakija wakakuta patupu, wa kuchekwa uwe wewe."