Kondoo wa Kaka

Kondoo aligeuza kichwa, akaukataa uji. Kijana aliyeitwa Mkia akachovya vidole kwenye bakuli, akampaka mdomoni, akimbembeleza kama mtu anayeuguza mtoto.

"Kunywa, bibi. Leo tu. Usiniangushe."

Bibi mwenyewe alikuwa kondoo kongwe mwenye sikio lililochanika. Meno yalikwisha, na pumzi zilikuwa za kuvutwa kwa taabu. Katika zizi lile hakuna aliyedekezwa kama yeye. Alitandikiwa gunia kavu na kulishwa maganda ya viazi mkononi. Muuza nyama wa njia panda aliwahi kutania kwamba akifa, azaliwe tena kondoo wa nyumba ile. Alitania mara moja tu mbele ya Mama, hakurudia.

Maana huyo ndiye kondoo wa Kaka.

Kaka alikuwa mtoto pekee wa Mama. Mkia alikuwa yatima aliyepokelewa kusaidia kuchunga, akapewa jina hilo kwa sababu popote Kaka alipokwenda, yeye alikuwa nyuma. Mwaka wa mafuriko, mvua ilinyesha mbali, huko milimani. Huku chini jua lilikuwa likiwaka, na mto ukaja bila kubisha hodi. Kondoo walishtuliwa na ngurumo ya maji, wakakimbilia nyumbani wenyewe. Mkia alifika baadaye, peke yake, amelowa chapachapa, meno yakigongana, akasema mto umemchukua Kaka.

"Aliingia mtoni kufuata nini?" majirani wakauliza.

Mkia akatazama huku na huku. Kisha akamnyooshea kidole yule mwenye sikio lililochanika. Alikuwa anazama, akasema. Kaka alimsukuma mpaka ukingoni, naye akakimbia kuwafuata wenzake. Kaka mwenyewe hakuweza kutoka.

Siku ya mazishi, padri alisimulia habari za mchungaji anayeliacha kundi zima ili amtafute mmoja aliyepotea, na kanisa likalia. Nje watu walinong'ona: roho ya mtu kwa kondoo, jamani? Mama alikwenda zizini akipapasa ukuta, kwa kuwa macho yake yalikwisha kuzibwa na mtoto wa jicho.

"Ni yupi?" akauliza.

Mkia akamshika mkono, akauweka juu ya lile sikio. Mama akalishika kitambo. Mkono wake wa pili ulikuwa bado umeng'ang'ania mkono wa Mkia.

"Huyu asiguswe na mtu," akasema.

Tangu hapo Mkia hakupata usingizi wa maana. Siri ya mtungi aijuaye kata, na yeye alikuwa na neno la kumwambia Mama, neno ambalo kila alipolileta mpaka kooni lilikwama. Akilisema atafukuzwa, na hakuwa na mama mwingine duniani. Basi akafanya kazi za watu wawili. Aliziba bati lililovuja, akateka maji, akapasua kuni. Kulikuwa na msichana aliyemsubiri, akasubiri, akachoka, akaolewa kwingine.

"Ile redio yako," Mama alimuuliza siku moja, "uliyokuwa ukizunguka nayo malishoni. Mbona siku hizi siisikii?"

"Iliingia maji, Mama."

"Pole," akasema Mama, akaendelea kuchambua mboga.

Kila jioni, mvua au jua, Mama alisimama kwenye lango la zizi na kunyoosha mkono, kondoo wakapita chini yake mmoja mmoja. Kwa kiganja hicho alimjua anayechechemea, mwenye mimba, na aliyerudi na kupe. Yule wa Kaka alipofika, alimpapasa sikio kidogo, kisha akamwachia apite. Mkia alikuwa akitazama pembeni kila mara.

Sasa bakuli la uji lilikuwa limepoa. Mchana kondoo akalaza kichwa juu ya goti la Mkia, akakata roho bila kelele. Mkia akalia kama mtoto, peke yake humo zizini. Aliona kama Kaka amekufa mara ya pili, na safari hii pia mikononi mwake. Akachimba shimo kando ya ua, akamfukia, akanawa, akaenda jikoni.

"Mama."

"Nimekusikia ukichimba."

"Amekufa. Yule wa Kaka." Akapiga magoti sakafuni. "Nisamehe, Mama. Nimejaribu kila kitu. Ndicho pekee alichotuachia. Na kuna neno, Mama, tangu siku ile..."

Lilikwama palepale linapokwama siku zote.

Mama akaweka chini mwiko. Akamtafuta kwa mkono mpaka akakipata kichwa chake, akapitisha kiganja polepole, utosini, kisogoni, mpaka mgongoni.

"Jioni ile nilikuwa langoni," akasema. "Walipita wote chini ya mkono huu, na huyo mwenye sikio manyoya yake yalikuwa na vumbi tupu. Aliyerudi amelowa ni wewe peke yako. Inuka ule, mwanangu, chakula kinapoa."