Hadi Darajani

"Hadi darajani tu," mwalimu wa michezo alimkumbusha, huku akimbana namba kifuani kwa pini. "Ukifika pale kazi yako imekwisha. Unakaa pembeni, unakunywa maji, unawapisha wenzako."

"Sawa, mwalimu."

"Nyuki, nimesema darajani."

"Nimesikia, mwalimu."

Nyuki ndilo jina alilobandikwa na wanafunzi wenzake tangu kidato cha kwanza, kwa sababu akichoka huvuma puani. Lile la nyumbani hata walimu walishalisahau. Leo ilikuwa fainali ya mbio za nyika za shule za sekondari, na kazi aliyopewa ilikuwa ya punda: atoke mkuku tangu mwanzo, awavute mabingwa wa mwaka jana wamfuate kama wehu, wakishakata pumzi Nahodha na wenzake watatu wapite wakachukue kombe. Yeye kombe hangeligusa. Anayeacha njiani hahesabiwi, wala hapandi jukwaani.

Dada yake mkubwa alikuwa amefunga saluni yake kutwa nzima ili aje kumtazama. Nyuki hakuwa na moyo wa kumwambia kwamba kule kwenye utepe hatamwona.

Bastola ikalia. Akachomoka.

Mambo yakaenda kama yalivyopangwa. Mabingwa wakaingia mtegoni wazima wazima. Walimfukuza wakapita uwanja wa mpira, wakapita nyuma ya ghala la mbegu, wakapanda naye kilima, na kufika kileleni wakawa wanahema kama mvukuto. Mmoja akashika mbavu. Mwingine akakaa chini kabisa, akaanza kuvua viatu. Nahodha na wale watatu wakawapita kiulaini, sasa wakawa wanafuatana na Nyuki.

Daraja hilo hapo.

Nyuki akalitazama. Miguu ilikuwa myepesi, kifua kimefunguka, na tumboni kitu kilikuwa kinamtekenya kama mtu aliyekatazwa kucheka darasani. Akajiambia, hatua mbili tatu zaidi zitamuudhi nani? Akavuka.

"Wewe! Darajani!" Nahodha akafoka.

Nyuki akaongeza mwendo.

Ng'ambo ya pili njia ilijipenyeza katikati ya miti. Tawi moja lililoinama likamgonga bega, likarudi nyuma kwa kishindo. Hakugeuka. Kicheko kilikuwa kimeshamponyoka, na ukicheka huku unapanda mwinuko huna nafasi ya kugeuka.

Ndipo akasikia wanamwita.

"Nyuki! Nyuki!"

Si kwa hasira tena. Sauti zote nne, kwa nguvu zote walizonazo. Kumbe wamekubali! Kumbe wamesema moyoni, mwacheni mwenzetu naye ale raha!

"Kimbia! Nyuki! Kimbia!"

"Nakimbia!" akajibu, akapunga mkono juu.

Nao walikuwa wanakuja. Vishindo vyao vilimkaribia kwa kasi ambayo hakuwahi kuisikia kwao, hata siku zile mwalimu alipokuwa akiwafukuza kwa baiskeli. Akachungulia begani mara moja tu. Nahodha alikuwa amevua fulana anaizungusha hewani kama bendera. Aliyemfuata alikuwa anajipiga makofi kichwani, hajiwezi. Nyuki hakupata kupendwa namna hii maishani mwake.

Kwenye kona ya mwisho alisimama msimamizi, mzee mnene mwenye kibendera. Alipowaona alikodoa macho, akakitupa kibendera, naye akatimua mbio mbele yao kuelekea uwanjani, kitambi kikimtangulia.

"Nyuki!" mzee alipiga yowe. "Nyuki, jamani!"

Hata huyu ananijua, Nyuki akawaza, na miguu ikawa haigusi ardhi.

Uwanja mzima ukalidaka jina. Nyuki! Nyuki! Wazazi wakaliita, walimu wa shule nyingine wakaliita, mpaka mabingwa wa mwaka jana waliokwishaacha mbio na kurudi kwa njia ya mkato. Viti vikapinduka. Watoto wakabebwa juu juu. Muuza barafu aliliacha toroli lake akawa anarukaruka kama mpira. Watu wazima, wenye suti zao, walijitupa kifudifudi majanini.

Na katikati ya vurugu hiyo akamwona dada yake, amesimama juu ya kiti, amejifunika mtandio kichwa kizima, akiita kuwashinda wote. Dada huyu alilichukia jina lile. Tangu lianze hakulitia kinywani hata siku moja. Kwake yeye alikuwa mdogo wangu, basi. Leo alikuwa analipigia mayowe mpaka mishipa ya shingo imemsimama.

"Nyukiii!"

Machozi yakamtoka Nyuki. Akakata utepe huku analia na kucheka kwa pamoja. Wa kwanza. Mbele ya Nahodha, mbele ya shule zote.

Akasimama palepale, akageuka, akafumba macho na kutanua mikono ili wenzake wamnyanyue.

Vishindo vikampita kushoto. Vikampita kulia. Hakuna aliyemgusa.

Akafumbua macho. Wa mwisho alikuwa Nahodha, jicho moja limevimba mpaka limejifunga, mdomo umekuwa kama andazi. Alimkamata mkono, akamvuta nusura amng'oe bega, bila kupunguza mwendo.

"Si wewe, bwana! Nyuki wenyewe!"