Anza Tena, Mheshimiwa

"Hapo hapana, Mheshimiwa. Unampa mama pole huku unatazama saa? Anza tena."

Mheshimiwa Krispini akavua saa, akaitia mfukoni, akaanza upya kama mtoto wa darasa la pili. Skolastika aliduwaa. Miezi saba alikuwa amezungushwa na ofisi hii ya Mpanda, njoo kesho, njoo Jumatatu, na leo mgeni wa miwani anamkemea mkubwa wa serikali, na mkubwa anatii. Kumbe hawa watu wa haki za binadamu aliowaandikia barua wana nguvu namna hii. Moyo ukamtulia, mara ya kwanza tangu gari lisilo na namba lilipomchukua mwanawe Doto shambani, kule Usevya.

"Mama, ile barua uliyotuandikia, uliweka na picha yako?" aliuliza yule mgeni, Celestin.

"Ya Doto tu, baba."

"Vizuri sana. Sasa tueleze, taratibu."

Akaeleza. Shati la bluu. Jembe lililobaki limesimama kwenye tuta. Jinsi anavyomwita kila jioni kwa jina la utotoni, Kadoto, na kuku ndio wanaoitika. Hapo akalia kilio cha kutokea tumboni, akajifuta kwa pindo la kitenge. Pembeni alikaa dada mmoja, Bernadetha. Hakuandika chochote, alimkazia macho tu, naye akajifuta mashavu vilevile. Skolastika akampenda kwa huruma yake.

"Ninachotaka ni kumwona tu. Hata kama ni kaburi, nionyesheni."

"Utamwona, mama," alisema Mheshimiwa, safari hii akimtazama machoni. Celestin akatikisa kichwa, ameridhika.

Wakampa kitenge kipya, wakamwomba kile kikuukuu kibaki kama ushahidi. Akawaombea Mungu wote, mmoja mmoja, akapanda gari la ofisi. Hawajatoka hata mjini, akakumbuka picha ya Doto imebaki mezani. Akamsihi dereva, Issa, wakarudi.

Mlango ulikuwa wazi nusu. Kwenye kiti alichokuwa amekalia Skolastika alikaa Bernadetha, kitenge kikuukuu mabegani, akimwita Kadoto kwa kilio kilekile.

"Hapo sawa," alisema Celestin. "Kesho haki za binadamu wenyewe wakifika, lia hivyohivyo, halafu useme umeshasamehe."